Hofu ya Kuungama

Somo letu: Yohana 20, 19 hata 23

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo watu hulikwepa. Chakula cha Bwana kikitangazwa, Wakristo huitwa kwanza kuungama dhambi zao. Wengi huungama pamoja kanisani, na huko hakumtishi mtu sana, kwa maana sauti yake imefichika katika sauti za wengi. Lakini iko njia ya pili, mtu peke yake mbele ya mchungaji, na hiyo ndiyo inayotetemesha magoti. Zaidi ya wote hutetemeka yule aliyebatizwa juzi. Mwalimu akimwuliza mbona hakuleta jina lake, asema ana homa. Mara ya pili asema ana safari. Mara ya tatu hajibu neno. Aanza kuketi nyuma karibu na mlango, na mwisho haji tena. Watu wasema amerudi nyuma kwa kuipenda dunia. Huenda sivyo. Huenda ameogopa tu, na hakuna aliyemwuliza aogopa nini.

Tumtwae mtu mmoja kwa mfano, wala tusimpe jina, kwa maana ni usharika gani usio na mtu kama huyu? Alibatizwa siku ya Pasaka, yeye na mkewe na watoto watatu. Mbele ya watu wote alimkana Shetani na kazi zake zote kwa sauti kuu. Baada ya miezi mitano mtoto wake mdogo akashikwa na degedege usiku. Zahanati i mbali, mvua yanyesha, mto umejaa. Mama yake mzee akasema, Mwite mganga. Akamwita. Kuku akachinjwa, mtoto akafungwa hirizi mkononi. Kulipopambazuka mtoto alikuwa mzima, na baba akaikata ile hirizi, akaitupa chooni, akawaambia watu wa nyumbani wasiseme neno. Tangu siku ile, kila Jumapili aona kana kwamba mhubiri amtazama yeye peke yake. Ataka kuungama. Atoka nyumbani, afika hata kwenye mwembe ulio karibu na nyumba ya mchungaji, asimama kidogo, kisha arudi.

Yamzuia nini? Si ugumu wa moyo. Mwenye moyo mgumu hafiki hata mwembeni.

Kwanza adhani ya kuwa ubatizo wake umeharibika. Katika mafundisho alisikia ya kwamba ubatizo waosha dhambi zote, naye akaufahamu kama kanzu nyeupe avikwayo mtu mara moja. Ikiingia doa, basi, hana nyingine. Wazo hili ni la kale sana. Katika karne za kwanza Kanisa lilikuwa na desturi kali: mtu aliyeanguka katika dhambi kubwa baada ya ubatizo aliweza kupokewa kwa toba ya waziwazi mara moja tu maishani mwake. Kwa hiyo wengi waliuchelewesha ubatizo. Hata Kaizari Constantine, aliyewapa Wakristo ruhusa ya kuabudu katika 313, hakubatizwa mpaka 337, naye yu karibu kufa. Na Hieronymus, mmoja wa waalimu wakubwa wa zamani zile, aliifananisha toba na ubao: jahazi limevunjika, na mtu ashika ubao ulioelea ili asizame.

Martin Luther hakupendezwa na mfano huo. Katika Katekisimo Kubwa ya 1529 afundisha ya kuwa jahazi halivunjiki kamwe, maana ni kazi ya Mungu mwenyewe. Yatukia tu mtu kuteleza na kuanguka majini. Aliyeanguka na aogelee, alishike jahazi lile lile, apande tena. Ninyi mkaao pwani mwajua tofauti iliyopo hapa. Mwenye kushika ubao hajui mawimbi yatamtupa wapi. Mwenye kurudi jahazini amkuta nahodha yupo, na safari ni ile ile. Basi baba yule hakuuvunja ubatizo wake usiku ule wa mvua. Ameanguka majini, amelowa, aona baridi. Kuungama si kuomba jahazi jipya, bali ni kunyosha mkono ili avutwe juu.

Hofu ya pili twaiona kuwa nzito kuliko zote, wala hatumlaumu aliye nayo. Katika sharika zetu kuna marudi. Mtu akiishi waziwazi katika dhambi, wazee humwita, shauri husikiwa, pengine huzuiliwa Chakula cha Bwana kwa muda, kisha hurudishwa kundini mbele ya watu. Mkristo mpya ameyaona haya kabla hajajua kuungama kwa faragha ni nini. Basi ayachanganya mambo mawili. Adhani ya kuwa akimwambia mchungaji neno lake leo, Jumamosi ataitwa na wazee, na Jumapili jina lake litasomwa. Nani ataungama hivyo?

Lakini marudi ni kwa jambo lililokwisha kujulikana na kuwakwaza watu. Kuungama ni kwa jambo limwelemealo mtu moyoni, nalo likisemwa pale, hufia pale. Makanisa ya Kilutheri huwafunga wachungaji wao kwa ahadi ya kunyamaza. Mchungaji hana ruhusa ya kulichukua neno la maungamo akalipeleka kwa wazee, wala kwa mkewe, wala kulifanya mfano katika mahubiri, hata akibadilisha jina la kijiji, kwa kuwa watu si wajinga, huhesabu siku na kutambua. Ndugu zetu Wakatoliki wana sheria iliyo wazi katika jambo hili: padre aivunjaye siri ya kitubio moja kwa moja hutengwa na Kanisa kwa tendo hilo lenyewe. Twawasifu kwa ukali huo. Mchungaji mmoja asiyeuzuia ulimi wake huwafungia mlango watu mia ambao hawajafika bado, nao hawatasema kamwe kwa nini hawakufika.

Nanyi walimu, twawaomba neno moja. Mara nyingi ninyi ndio mjuao kwanza kwamba fulani amekwenda kwa mchungaji. Msiulize aliitiwa nini. Msimtazame mkewe usoni ili kupima. Mtu akija kwenu kuuliza, Huyu naye alikuwa na jambo gani?, mwambieni habari za shamba. Uaminifu wenu katika hayo madogo ndio ukuta wa chumba cha maungamo, nao ukuta huo ukitoboka, ahadi ya mchungaji haitatosha.

Hofu ya tatu ni haya. Nitamtazamaje mchungaji tukikutana sokoni? Haya hii Kanisa laijua tangu zamani. Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milano, katika maagizo yake ya 1577 juu ya majengo ya kanisa, alieleza jinsi ya kutengeneza kiti cha maungamo chenye kiambaza na wavu kati ya padre na mwenye kuungama. Hata sasa, ijapokuwa Wakatoliki wengi huketi uso kwa uso, sheria yao ya 1983 yaagiza wavu uwepo kwa kila autakaye. Katika makanisa ya zamani ya Kilutheri huko Ujerumani navyo viti vya maungamo vilikuwapo, na vingine vingaliko. Kwetu hakuna wavu, lakini hakuna amri ya kutazamana. Mwombeni mchungaji akae akielekea madhabahu, nanyi mpige magoti kando yake. Mchungaji mwema hatauliza sababu.

Walakini haya haiondolewi na mbao, wala kwa kuligeuza kiti. Turudi katika somo letu. Ilikuwa jioni ya siku ile ya kwanza ya juma. Wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu. Tuwatazame ni nani hao. Petro yumo, aliyemkana Bwana wake mara tatu. Wengine wamo, waliokimbia bustanini wote pamoja. Hakuna hata mmoja chumbani mle aliye na neno la kujivunia. Kisha Yesu asimama katikati yao, na milango ingali imefungwa. Hawaulizi walikuwa wapi siku ya Ijumaa. Hamwiti Petro mbele atoe hesabu. Neno lake la kwanza ni amani. Awaonyesha mikono yake na ubavu wake, awapa amani mara ya pili, awavuvia Roho Mtakatifu, kisha awakabidhi kazi ya kuwaondolea watu dhambi zao.

Ndugu, yaangalieni haya kwa makini. Kazi hii hakuwapa malaika, wala hakutafuta watu wasiopata kuanguka. Aliwapa watu aliowakuta nyuma ya mlango uliofungwa, nao wametoka kusamehewa wakati ule ule. Basi akaaye pale kusikia maungamo yako ni mmoja wa watu wa chumba kile. Akikudharau, amesahau alikotoka. Huenda moyoni mwake wakati huo akumbuka yake mwenyewe. Tena mchungaji hupata kusikia mengi ya namna ile ile, maana dhambi za watu hazina upya mwingi. Kila mtu adhani yake haijapata kuwako tangu Adamu.

Hapa twafika katika jambo ambalo kwa ajili yake twaandika. Mwenye kuogopa aliwaza sikio la mchungaji: litasikia nini, litafikiri nini, litakumbuka nini. Nasi twamwambia, usiliwaze sikio, uwaze kinywa. Luther afundisha ya kuwa maungamo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni yetu: twasema linalotusumbua. Ya pili ni ya Mungu: kwa kinywa cha mtu atuondolea dhambi. Na ya pili ndiyo kubwa. Ile ya kwetu ni ndogo, kama kazi ya mtu afunguaye mkono ili apewe. Mwenye njaa aitwaye chakulani hahesabu hatua zake wala hauliza kama amepiga hodi kwa ufasaha.

Luther aliyanena haya kwa kuwa aliyapitia. Aliingia utawani huko Erfurt katika 1505, akaungama mara nyingi kupita kiasi. Alichimbua moyoni saa nyingi, akatoka, akakumbuka lingine, akarudi. Msimamizi wake Johann von Staupitz alichoka, akamwambia alete dhambi iliyo dhambi kweli, asije na vijidhambi vya kitoto. Kosa halikuwa kwenda kuungama. Kosa lilikuwa kuliangalia neno lake mwenyewe, kama limetimia au halikutimia, asilisikie neno la pili. Tena alifundishwa ya kuwa sharti dhambi zote zitajwe, na amri ya Kanisa ilikuwapo tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215 kwamba kila mtu aungame kwa padre wake walau mara moja kila mwaka.

Wengine walitazamia ya kuwa mtu aliyeteswa hivyo ataifuta desturi yote. Katika Krismasi ya 1521, naye Luther hayuko, Andreas Karlstadt aliwapa watu wa Wittenberg Chakula cha Bwana bila kuungama kwanza. Luther aliporudi Machi 1522 alihubiri siku nane mfululizo, na siku ya nane alinena juu ya maungamo. Alisema ya kuwa mtu asilazimishwe; walakini yeye mwenyewe hatakubali kunyang'anywa maungamo ya faragha kwa hazina za ulimwengu wote, maana pasipo hayo Ibilisi angalikwisha kumshinda zamani. Muungamishi wake katika mji ule alikuwa Johannes Bugenhagen, mchungaji wa kanisa la mjini. Huyu aliyewafundisha watu wa nchi nyingi alikwenda kwa mchungaji wake kama mtu ye yote. Na Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 11, laagiza ondoleo la faragha lisiachwe makanisani, lakini si lazima kuhesabu dhambi zote.

Hata hivyo, sisi Walutheri tulikuja kuiacha kwa sehemu kubwa, na si wapinzani walioiharibu. Iligeuka kuwa desturi tupu: watu wengi walipanga mstari siku moja, kila mmoja akasema maneno aliyoyakariri, akaweka senti ya maungamo, akaondoka. Huko Berlin mchungaji Johann Caspar Schade alisononeka sana kuwaondolea dhambi watu asiowajua hata mioyo yao, fitina kubwa ikazuka, na katika 1698 mtawala wa Brandenburg akaamuru ya kuwa kuungama kwa faragha kuwe kwa hiari. Amri ilikuwa njema. Lakini kilichoachwa kwa hiari, na watu wasifundishwe, husahauliwa. Karne ya 19 Wilhelm Löhe alikirudisha katika usharika wake wa Neuendettelsau. Na tangu 1935 Dietrich Bonhoeffer, aliyeuawa na Wanazi tarehe 9 Aprili 1945, aliwahimiza vijana wa chuo chake cha wachungaji huko Finkenwalde kuungama mmoja kwa mwenziwe. Walishangaa, maana wengi wao hawakupata kuyaona hayo. Aliwaonyesha ya kuwa mtu aliye peke yake na dhambi yake yu peke yake kabisa, hata akiwa katikati ya wacha Mungu.

Kwetu Afrika ya Mashariki wako watakaosema, Sisi twaungama mbele ya ndugu mkutanoni. Twajua. Uamsho uliowaka Gahini katika Rwanda miaka ya 1930 ulifika hata Buhaya katika sharika za Kilutheri, na wengi walipata uhai kwa kutembea nuruni. Hatuupingi. Lakini mtu dhaifu asisukumwe kusema yote mbele ya watu mia. Neno likisemwa mbele ya mia haliokoteki, na mara nyingi lafuatana na jina la mtu mwingine ambaye hakutoa ruhusa. Yako ya kusemwa mkutanoni, na yako ya chumbani.

Sasa yule asemaye, Sijui maneno. Nenda kwa mchungaji wakati asipokuwa na wageni, useme, Bwana Mchungaji, nataka kuungama. Atajua la kufanya. Katekisimo Ndogo unayo nyumbani, nayo ina sehemu ya maungamo. Isome usiku uliotangulia, hasa mahali mtu anapoulizwa aiangalie kazi yake kwa Amri Kumi: yu baba, yu mama, yu mtoto, yu mtumishi? Usitafute dhambi ambazo hazikusumbui, wala usibuni ili upate la kusema. Mwenye Zaburi ya 19 akiri ya kuwa hakuna awezaye kuyatambua makosa yake yote. Yaliyofichika umwachie Mungu. Lile likukoseshalo usingizi, litaje kwa jina lake. Yule baba asiseme tu, Nimekosa katika imani. Aseme, Mtoto aliumwa, nilimwita mganga, nilifunga hirizi, nikawaagiza watu wangu kuficha. Maneno machache yatosha. Akilia, si vibaya. Asipolia, si vibaya vilevile. Wala asiwataje wengine. Mama yake mzee hakuja kuungama siku ile, amwache.

Mchungaji aweza kuuliza neno moja au mawili ili asaidie. Kisha ataweka mkono kichwani na kutamka ondoleo kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wakati huo nyamaza, usikilize. Usiwe ukiwaza umesahau nini. Ndilo ulilolijia.

Pengine litabaki jambo la kutengeneza. Aliyeiba mbuzi na amrudishe. Aliyemtukana ndugu yake na amwendee, maana Bwana afundisha katika Mathayo 5 ya kuwa sadaka yaweza kungoja madhabahuni mpaka ndugu wapatane. Lakini hayo si bei ya msamaha. Msamaha umekwisha kutolewa. Mbuzi arudi kwa kuwa umetolewa. Na yule baba azungumze na mkewe, ili mtoto akishikwa tena usiku wajue pamoja watafanya nini: jirani gani ana pikipiki, nani ataomba, nani atambeba mtoto mpaka ng'ambo ya mto.

Ikiwa moyo waogopa tena baada ya juma moja na kusema, Labda hukueleza vema, usirudi kueleza upya neno lile lile. Mwambie mchungaji, Naomba kusikia tena. Hilo si ombi la aibu.

Tena ziko sharika ambazo mchungaji hufika mara moja tu katika miezi miwili, na mzigo haungoji. Huko mtu na amwendee Mkristo mwaminifu, mwalimu au mzee au mama mwenye kuomba, maana Yakobo katika mlango wa 5 awaambia waamini waungamane wao kwa wao, na Luther katika Vifungu vya Schmalkalden vya 1537 ataja faraja ya ndugu kwa ndugu miongoni mwa njia Injili itufikiazo. Asikiaye na amwambie waziwazi ya kuwa kwa ajili ya Kristo amesamehewa, asiongeze hotuba, naye anyamaze kama mchungaji anyamazavyo. Siku mchungaji atakapofika, aliyeungama akitaka kusikia neno hilo kwake pia, na aje, asipotaka, asiulizwe.